Tadbiri za Barazani Eldas

Hapana mjumbe wa bodi ya Manchester United, wala mwalimu wa kandanda aliyehitimu Ulaya, mwenye ilimu ya kuifufua timu ile iliyodhoofu kama aliyo nayo shabiki mmoja wa Eldas, katika kaunti ya Wajir, ambaye kila alasiri, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi na miraa shavuni, huwafukuza wachezaji kumi, akanunua wengine kumi, na kabla ya adhana ya magharibi fedha ikambakia.

Tangu kocha wa timu hiyo, Sir Alex Ferguson, alipostaafu mwaka 2013, akiacha nyuma yake ubingwa wa ligi mara 13, bwana huyu amewapokea kwa hoihoi na kuwasindikiza kwa laana Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag na Amorim. Timu ilipomaliza msimu wa 2024/25 katika nafasi ya 15, alitoa fatwa kwamba sababu ya yote ni wenye klabu kukosa subira. Akaulizwa: kocha mpya apewe muhula gani? Akajibu kwa utulivu wa kadhi: "Mpaka Jumamosi."

Ama vijana wa mtaani kwake, wachezao juu ya mchanga na kumpitia na karatasi ya mchango, hao huwaambia, kwa adabu kabisa, kwamba angali anatafakari mradi wao.

Ndugu yetu, wenye timu yako kule Old Trafford hawakusikii. Hawa wanakusikia, na wanahitaji mpira mmoja tu.