Viti Maalum Havipo Keko

Ukipita Keko saa nne usiku, vumbi la mbao limeshatulia na mageti ya chuma yameshafungwa. Ndani ya duka moja la samani wamebaki wale wasio na kwao: Bango, kibao cha kukunja ambacho vijana hukiingiza ndani kila jioni, Kompyuta, juu ya meza ya bosi, Kikokotoo, ambaye kitufe chake cha saba kimefutika, Kadi ya Benki, iliyosahauliwa kwenye droo, na Mjusi, asiyelipa pango ila anajua mambo ya kila mtu.

BANGO: Mwanangu Kompyuta, zima basi huo mwanga. Wazee tulale.

KOMPYUTA: Shikamoo babu. Leo usingizi haupo, nina furaha mno. Tumefunga mwezi na mibofyo 1,156! Halafu alama yangu ya uboreshaji imefika asilimia 94.

BANGO: Marahaba. Mibofyo ndiyo nini?

KOMPYUTA: Mtu anatafuta kitu Google, tangazo letu linamtokea pale juu, analigusa. Kila akigusa, tunalipa.

BANGO: Tunalipwa?

KOMPYUTA: Tunalipa, babu.

BANGO: Mimi nimesimama barabarani tangu 1996. Nimetazamwa na daladala nzima nzima, mpaka na makonda wanaoning'inia mlangoni. Hakuna aliyetutoza hata senti.

MJUSI: Wala hakuna aliyekusoma, babu. Jua limekula herufi, umebaki "SAMANI BO".

KADI: Cheka tu. Mwenye kukatwa ni mimi. Dola 289 zimenitoka! Bosi aliniahidi dola 10 kwa siku, basi Ijumaa moja nikashtukia 19 zimekwenda. Nikadhani nimeibiwa.

KIKOKOTOO: Hukuibiwa, dada. Ndivyo walivyoandika kwenye masharti ambayo bosi aliyapitisha bila kusoma. Siku moja wanaweza kukukata mpaka mara mbili ya bajeti, ila mwezi mzima wasivuke bajeti ya siku mara 30.4. Kwako kikomo ni 304. Umetoka salama na chenji ya 15.

KADI: Salama gani hiyo.

KIKOKOTOO: Na 289 ukigawa kwa 1,156 ni senti 25 kila mbofyo. Bei yenyewe wala haina ubaya. Mimi nataka kujua nani kabofya. Kompyuta, hebu fungua ile orodha ya maneno waliyoandika watu.

KOMPYUTA: Ile ndefu sana. Tutazame grafu kwanza, ina rangi nzuri.

KIKOKOTOO: Fungua.

KOMPYUTA: Haya. "Majina ya wabunge wa viti maalum."

(Kimya. Stuli moja pembeni ililia kidogo, lakini nadhani ni mchwa.)

BANGO: Viti gani?

KOMPYUTA: Bosi aliniambia tunauza viti. Watu wametafuta viti. Mibofyo 214!

MJUSI: Endelea, mama. Mimi sina haraka.

KOMPYUTA: "Namna ya kumeza vidonge vikubwa."

KADI: Hivyo navyo tunauza?

KOMPYUTA: Bosi aliandika "meza".

BANGO: Ya Mungu mengi.

KOMPYUTA: "Kuota umelala kwenye kitanda cha marehemu." "Vitanda vya hospitali bei gani." "Dalili za mtu aliye kiti cha pepo." Huyu wa mwisho alikaa kwenye ukurasa wetu dakika sita nzima!

MJUSI: Alikuwa anatafuta pepo mwenyewe amekaa wapi.

Hapa mwandishi naye aingize neno. Lugha yetu si ya kurushwa mnadani neno mojamoja. Kiti ni mbao, ni cheo, na huko pwani ni mtu aliyepandwa na pepo. Neno meza lina miguu minne, na papo hapo linateremka kooni na maji. Mjomba akiniambia "meza", natazama kwanza mkononi ana nini ndipo nijue nafanyaje. Mashine haina mkono wa kutazama.

KIKOKOTOO: Kosa la bosi hilo, tusimwonee binti. Neno ukiliandika uchi, mashine inalisaka kila linakofanana, hata kwa mbali. Ukilitia kwenye alama za kunukuu, inabana kiasi. Ukilitia kwenye mabano ya mraba, inabana zaidi, ingawa siku hizi hata hapo hupenyeza yale inayodhani yana maana moja. Halafu kuna orodha ya maneno ya kukataza: ukiandika humo "maalum", "bunge", "vidonge", "ndoto", anayetafuta hayo haoni tangazo letu wala hatumlipii. Orodha yetu ina maneno mangapi?

KOMPYUTA: Sifuri.

BANGO: Getini tunamlipa Mmasai alinde mbao usiku kucha, huko kwako mlango uko wazi na kila anayechungulia tunamlipia nauli.

KADI: Na huyu hapa kwenye orodha, mbona amebofya akiwa Muscat?

KOMPYUTA: Bosi alichagua Dar es Salaam. Ila ukiacha mpangilio ulivyokuja, wanahesabu aliyepo Dar pamoja na anayependezwa na Dar.

MJUSI: Kijana ana hamu ya kwao, anatazama picha za Kariakoo. Bosi kamlipia hamu yake.

KIKOKOTOO: Sasa simu. Waliopiga mwezi huu ni 19. Kumi na mmoja waliomba kazi. Watatu walitaka tununue makochi yao. Mmoja aliuliza kama hapa ni Ofisi ya Bunge. Wanne ndio walioulizia bei, wawili wakafika dukani, na mmoja akanunua.

KOMPYUTA: Lakini mimi kwenye vitabu vyangu nina mafanikio 163!

KIKOKOTOO: Mafanikio unayahesabuje?

KOMPYUTA: Kijana aliyetufungulia akaunti alisema kila atakayefungua ukurasa wa "Wasiliana Nasi" ni mafanikio. Na mimi ni mwanafunzi mzuri. Nikatazama wanaofungua ukurasa huo ni watu wa namna gani, wanabofya saa ngapi, kwa simu gani, nikawa nawapandia dau hao hao. Kila wiki nimekuwa hodari zaidi.

KIKOKOTOO: Hodari wa kutafuta watafuta kazi. Nani anafungua ukurasa wa mawasiliano kwa bidii kuliko fundi seremala asiye na ajira? Umefundishwa kunusa shida za watu, mwanangu, na umefaulu kwa alama za juu. Mwezi ujao ukiongezewa fedha, tutapata barua za maombi tupu.

KADI: Na yule aliyenunua?

KIKOKOTOO: Aliandika "meza ya mninga viti sita Dar". Maneno hayo yalibofywa mara 3 tu, kila mara senti 40. Dola 1.20 jumla. Akalipa taslimu, bosi akaandika kwenye daftari, daftari likaingia droo.

KADI: Liko hapa juu yangu, linanikandamiza.

KOMPYUTA: Mbona hakuna aliyeniambia?

(Ndiyo mara ya kwanza usiku huo sauti yake kushuka. Hata feni yake ilinyamaza.)

BANGO: Na bei ya mbofyo anapanga nani?

KOMPYUTA: Mnada, babu. Mambo haya aliyaanza Bill Gross mwaka 1998 kule Marekani na GoTo, mtambo wake wa utafutaji: atoaye zaidi anakaa juu. Google wakaingia mwaka 2000 na watangazaji 350, na mwaka 2002 wakaleta mnada wa mibofyo wa kwao. Wao hawatazami dau peke yake. Wanatazama pia tangazo linavutia kiasi gani na ukurasa anaofikia mteja unamfaa vipi. Ukiwa mzuri, unalipa kidogo ukakaa juu ya mwenye fedha.

MJUSI: Na sisi anayetafuta meza ya mninga tunampokea kwa picha ya bosi akipeana mikono na watu Sabasaba.

BANGO: Mnada naujua. Pale Feri alfajiri samaki kalazwa mezani mbele yako, mnadi anapiga kelele, unamwona nani kapandisha na kwa shilingi ngapi. Mnada wenu mnawaona wenzenu?

KOMPYUTA: Hapana.

BANGO: Mnadi je?

KOMPYUTA: Naye hapana. Septemba 2023 mkubwa mmoja wa matangazo wa Google alitoa ushahidi mahakamani Washington kwamba huweza kupandisha bei kwa asilimia 5, na kwa utafutaji mwingine pengine 10, na kwa kawaida watangazaji hawaambiwi. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba kampuni imevunja sheria ya ushindani.

BANGO: Pale Feri mnadi wa namna hiyo angerudi kwake amelowa.

KIKOKOTOO: Tuje kwenye ile asilimia 94 yako. Umeipataje?

KOMPYUTA: Kwa kukubali mapendekezo! Ongeza bajeti, ndiyo. Panua maneno, ndiyo. Ruhusu tuendelee kubadilisha wenyewe, ndiyo.

KIKOKOTOO: Anayependekeza ni nani?

KOMPYUTA: Ni wao.

KIKOKOTOO: Muuza maji anakupa alama kwa jinsi unavyoacha bomba wazi. Na unajua kwamba hata ukiyakataa mapendekezo yao, alama inapanda vilevile?

KOMPYUTA: Hata ukiyakataa?

KIKOKOTOO: Wanachotaka ni ujibu. Ungeweza kuwa na 94 hiyo hiyo kwa kusema hapana usiku kucha, na Kadi akalala usingizi wake.

MJUSI: Nami nina langu, nimelibana siku nyingi. Kila asubuhi bosi anapoingia, kabla hata ya chai, anajitafuta. Akiliona tangazo, anacheka peke yake, kisha analibofya ahakikishe linafanya kazi. Siku zote za kazi, mwezi mzima. Mimi nipo ukutani, naona.

KADI: Mwenyewe?

MJUSI: Mwenyewe, kwa kidole hiki cha shahada.

(Wakabishana mpaka adhana ya alfajiri. Kompyuta aliahidi kuyatia yale maneno mabano ya mraba, ingawa hana mikono. Saa mbili kasorobo geti likanguruma, vijana wakambeba Bango kumpeleka kwenye vumbi lake, bosi akaketi. Mama mmoja akasimama mlangoni na futi ya kupimia mkononi.)

MAMA: Hodi humu. Samahani kaka, meza za chakula mnazo? Za mninga?

BOSI: Karibu mama, karibu sana. Nisubiri kidogo hapo nje, namalizia kitu kimoja tu hapa.

(Akaandika "viti". Akatabasamu. Akabofya.)

MJUSI: Elfu moja mia moja hamsini na saba.