Miwani ya Shemeji Texas

Ndugu yangu uliyeoa kwenye ukoo wenye mtu wake Marekani, sogea tuongee kwa sauti ya chini. Mke wangu yuko jikoni, na masikio yake hayajawahi kwenda likizo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Houston. Jina lake la ubatizo ni zuri tu, lakini hapa kwetu Tabata anaitwa Texas, na mwenyewe ameliridhia mpaka anatembea nalo kwenye kofia. Kila akija Krismasi haji mikono mitupu. Mwaka fulani alituletea mashine ya kahawa ya huko kwao, ya volti 120. Tukaichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230, ikakohoa mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Mpaka leo imekaa juu ya kabati, na ole wangu niiguse. "Ni zawadi ya ndugu yangu," mke wangu huniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeiua.

Krismasi iliyopita Texas alitua na Apple Vision Pro. Akaitoa baada ya pilau, saa ile mtu ameshiba na hana nguvu ya kubisha. Ni dude la kioo na alumini linalofunika nusu ya uso, na waya unashuka ubavuni hadi kwenye betri ya kutia mfukoni. Ukilivaa unaiona sebule yako kama kawaida, ila juu ya sebule hiyo linakupangia vitu visivyokuwepo: sinema hewani, barua pepe juu ya meza, saa ya ukutani mahali ambapo hujawahi kupigilia msumari. Lilipoanza kuuzwa Marekani, Februari 2024, bei ilianzia dola 3,499. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 8, ndugu yangu. Kuna watu wamejenga banda la uani kwa hizo na wamepangisha.

"Shem," Texas akaniambia, "wewe nakuachia kwa dola 1,500. Bei ya ndugu."

Nikapiga hesabu kimoyomoyo: milioni tatu na laki sita na ushee. Ada ya Januari nayo imekaa pale inanikodolea macho. Isitoshe, niliijua siri ya ukarimu ule. Oktoba 2025 Apple walitoa toleo lenye chipu ya M5, bei ile ile ya 3,499, na Texas alikuwa analitaka. Mimi nilitafutiwa nafasi ya kuvaa mtumba wake.

Sasa utaniuliza, si ungesema hapana? Wewe umeoa kweli? Mwanaume hasemi hapana kwa shemeji yake mbele ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa pale pale, kwenye kochi langu.

Nikuelezee kidogo watu wa nyumba hii. Mke wangu namwita Gavana, maana hakuna noti inayotoka humu bila yeye kuridhia. Mwanangu wa kwanza, Neema, ni Wakili: amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kwa sasa kazi yake ni kubishana na kumaliza bando. Wa mwisho ana miaka saba, huyo ni Kimbunga, na wala sina haja ya kueleza. Halafu kuna mama mkwe wangu kutoka Machame, ambaye usoni namwita Mama, natanguliza na shikamoo, lakini rohoni namwita Mkaguzi Mkuu. Akifika tu anafungua friji, anahesabu sufuria, anapitisha kidole juu ya televisheni kutafuta vumbi. Mara ya mwisho alikuta nyanya mbili zimeoza, na habari zile zilifika Machame kabla yake.

Gavana, ambaye mwezi mzima alikuwa amenibania hela ya betri ya gari, siku hiyo alilainika ghafla. "Baba Neema, ni ndugu yangu," akasema. "Tena si umekuwa unalalamika kwamba huna kitu chako mwenyewe humu ndani?" Ni kweli nimewahi kulalamika hivyo. Sikujua kwamba yanaandikwa.

Aliyeniokoa kwa muda ni Wakili. Alikuwa amekwisha kupekua simu, akasimama kabisa kana kwamba yuko mahakamani. "Mjomba, Meta Quest 3S ya mwaka 2024 ilianza kwa dola 299.99. Kwa hela yako Baba anapata tano. Samsung nao Oktoba wametoa Galaxy XR kwa 1,799.99, mpya ya kwenye boksi. Na Microsoft walikuwa na HoloLens 2 ya dola 3,500 tangu 2019, mwaka jana wakaacha kuitengeneza. Baba akinunua halafu na hii ikaachwa?"

Texas akacheka cheko la Houston, lile la kutupa kichwa nyuma. Akasema hizo za bei nafuu ni za watoto kuchezea, hii ni kompyuta kamili. Vioo viwili vya ndani vina pikseli milioni 23, kamera 12 zinatazama chumba, mikono na macho yako, huhitaji rimoti wala kipanya: unakitazama kitu, unabana kidole gumba na cha shahada, basi, kimefunguka. Akavaa kutuonyesha. Kioo cha mbele kikawaka, yakatokea macho yake, yaani picha ya macho yake, ya bluu bluu, yanaelea. Dada Rehema, anayetusaidia kazi za nyumbani, alikuwa anaingia na trei ya chai. Chai haikumwagika yote.

Nikavaa na mimi. Kwanza kabisa halikunienea. Kile kizibo cha mwanga kinachogusa uso huchaguliwa kwa kupima uso wa mnunuzi kwa simu, na Texas ana uso mwembamba wa kwao mlimani. Mimi ni mtu wa Tanga, uso wangu una viwanja pande zote. Mwanga ukawa unapenya chini ya mashavu. Lakini nisiwe mchoyo wa sifa: picha ile sijawahi kuona. Texas alinifungulia sinema, nikaivuta ikawa kubwa kuliko ukuta, nikaipandisha darini, nikajilaza kwenye zulia na kutazama juu kama sultani. Nilisahau ada, nikasahau Mkaguzi. Baadaye shingo ikaanza kunikumbusha kwamba nimebeba zaidi ya nusu kilo usoni, na uzito wote uko mbele. Na nilipolivua nikakuta familia nzima imekaa kimya inanitazama, sinema yangu hakuna aliyeiona hata mmoja, na nyama iliyobaki kwenye pilau imeliwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa shemeji yangu. Texas hufanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Asubuhi anarudi kwenye chumba chake kimoja, jirani zake wamekwenda kazini, anavaa miwani yake na sebule inakuwa ukumbi wa sinema mpaka usingizi umchukue. Kwake lina maana, silibezi. Lakini kwangu mimi hata chooni mtu hakai bila kugongewa. Televisheni ya nyumba hii hutazamwa na sisi, Dada Rehema, wapangaji wa uani, na Baba Juma wa jirani, ambaye siku ya mechi ya watani wa jadi huja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu anaijua idadi ya viti vyangu. Utamvalisha nani, umwache nani?

Tukajaribu kuwavalisha wote. Kila mgeni anayevaa lazima mwenye mali amfungulie kwa simu au kwa nywila, kisha mgeni atazame vidoti vimezunguka, abane vidole, aangalie tena, ndipo mashine imjue macho. Ukimpa mwingine, unaanza upya. Betri ile ni ya saa mbili hivi, na sehemu kubwa ya saa hizo iliishia kwenye vidoti. Texas akatuambia tusigombane, atarusha picha kwenye simu yake ili wote tuone. Basi tukawa watu wazima tumebanana kwenye simu moja, tunamtazama mtu anayetazama.

Kimbunga akakataliwa. Apple wenyewe wanasema si kwa watoto wa chini ya miaka 13, na Texas, pamoja na vituko vyake vyote, kwenye hilo alisimama imara. Kimbunga hakulia. Aliingia chini ya meza akanyamaza, na mzazi yeyote anajua kimya cha namna hiyo kina maana gani. Mimi nilikijua. Nilikuwa tu nimechoka.

Zamu ya Gavana ikafika. Akaipokea ile miwani, akaigeuza, akautazama ule mkanda unaozunguka kisogo, halafu akaugusa msuko wake wa Krismasi. Alikaa saluni kutwa nzima kwa ajili ya kichwa kile, mpaka makalio yakafa ganzi. Akautazama tena mkanda. Akatazama kizibo cheusi cha usoni, akakiona kimeshalowa jasho langu, na yeye ana poda.

"Hapana," akasema, akairudisha. "Milioni tatu na nusu, halafu inivurugie kichwa? Mdogo wangu, tafuta mteja mwingine."

Ndugu yangu, mimi na Wakili tulikuwa tumetoa hoja za uchumi, za teknolojia, za historia ya makampuni. Biashara ilikufa kwa ajili ya rasta.

Ingekuwa ni nyumba ya wenye akili, tungeishia hapo. Lakini Mkaguzi Mkuu alikuwa hajakagua.

"Nipeni na mimi," akasema. Akavua miwani yake ya macho, kwa sababu haiingii mle ndani. Ukitaka kuona sawasawa inabidi ununue lenzi za Zeiss za kupachika, na hizo ni pesa nyingine, dola 99 kwa za kusomea na 149 kwa za daktari. Hatukuwa nazo. Betri nayo ikakosa mfuko, maana mama alikuwa amevaa gauni na kanga. Hakusumbuka. Akaifunga kwenye pindo la kanga, pale pale zinapokaa hela zake, akalikaza fundo kwa meno.

Texas akaanza naye vizuri, akampeleka Haleakalā, ule mlima wa volkano wa Hawaii ambao mashine inao ndani, umesimama juu ya mawingu. Mama akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akakaa kimya kwa muda.

"Hii ni Kibo," akasema. "Barafu yote imekwisha! Nani anautunza huu mlima?"

Tulijaribu kumweleza habari za Hawaii. Alisema yeye ameuona ule mlima kila asubuhi tangu azaliwe na hahitaji kuonyeshwa na mtu wa Tanga.

Texas, kwa kunogewa, akamfungulia dinosau. Ni mchezo mfupi: ukuta wa mbele yako unafunguka, unaona nchi ya mawe na ukungu, kipepeo anakuja anatua kwenye kidole chako. Mama alimpenda yule kipepeo. Alinyoosha kidole, akamsemesha Kichaga. Sisi kwenye simu tulikuwa tumeshaona kinachokuja nyuma yake, dude la pua ndefu na meno, linachungulia, linatoa kichwa ukutani na kuingia sebuleni kwangu. Nilitaka kusema. Na bila miwani yake, mama huona mjusi akadhani kenge. Sijui yeye aliona nini.

Wakati ule ule, kutoka chini ya meza, mkono mdogo ukatoka ukamshika kifundo cha mguu.

Mama mkwe wangu hutembelea mkongojo wa mti mgumu aliouleta kutoka mlimani. Sikuwahi kujua kwamba ana mkono mwepesi kiasi kile. Alimpiga yule mnyama katikati ya pua, pigo moja, na nyuma ya pua ya mnyama ndipo ilipotundikwa televisheni yangu ya inchi 43.

Vision Pro haikupata hata mkwaruzo. Ilining'inia shingoni mwa mama, betri salama ndani ya pindo. Texas aliikimbilia hiyo kwanza, na nimelihifadhi hilo kwa matumizi ya baadaye. Mama alikaa, akaomba maji, akauliza kama ameliua.

"Umeliua, Mama," nikamjibu.

Kesi iliendeshwa usiku huo huo. Texas hana kosa, ni mgeni. Mama hana kosa, alijitetea. Kimbunga ni mtoto. Wakili alinitetea kidogo, kisha akaona upepo unakovuma akabadilisha upande. Ikaonekana kwamba mwenye nyumba mwenye busara angeteremsha televisheni ukutani kabla ya kuruhusu dinosau ndani. Kisha Baba Juma, aliyekuja na kigoda chake bila habari, akakiona kioo kilivyopasuka, akauliza mechi tutaangalia wapi.

Kesho yake tukashuka Kariakoo wote, na mama mkwe mbele na mkongojo wake. Muuzaji akaniuliza nataka ya inchi ngapi. Nikamwambia 43, kama ile iliyokufa. Nyuma yangu Gavana, Wakili na Mkaguzi Mkuu wakasema 55 kwa pamoja, na muuzaji hakunitazama tena. Akapanda ngazi kuishusha. Texas alinisaidia kuibeba hadi kwenye bajaji.