Klabu ya Maisha Marefu: Muundo, Kanuni na Hadhi ya Mtaalamu

Klabu ya maisha marefu ni mkusanyiko wa wakazi wa mtaa mmoja wanaokutana alfajiri ya Jumamosi kumsikiliza Mtaalamu. Mazoezi, ushauri wa chakula na upimaji wa presha hufuata iwapo muda utabaki. Klabu za aina hii zimeenea Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, nyingi zikiwa zimezaliwa na vikundi vya jogging. Vifaa vyake ni vya kawaida: uwanja wa shule au kivuli cha mwembe, viti vya plastiki, birika la chai ya tangawizi, spika. Kiti kimoja huwa na mto. Hicho hakikaliwi na mwanachama.

Mfano unaotajwa sana wa klabu kama hizi unatoka Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani. Huko kuna vikundi viitwavyo moai, vilivyoanza kama upatu: watu wachache wa kijiji kimoja wanachangiana, na mwenzao akipatwa na shida wanamwinua. Fedha ikafuatwa na urafiki, watu wakawa wanazeeka pamoja, wakitembeleana, wakinywa chai na kusemana. Moai haina Mtaalamu. Namna watu wa Okinawa walivyoweza kufika uzeeni bila kuhutubiwa ni jambo ambalo Mtaalamu amelitafakari kwa muda mrefu na kuliita bahati.

Kwa Tanzania, hatua iliyojulikana zaidi ni ya Desemba 2016, pale Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mtaalamu ameeleza mara nyingi kwamba wazo hilo alikuwa nalo kabla, ila hakukuwa na kipaza sauti.

Ni vyema pia kutaja, kwa ufupi na bila ushabiki, kazi ya mtafiti Saul Newman, aliyepewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2024. Newman alionyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifiwa kwa wazee wa miaka mia na zaidi ni zile zenye kumbukumbu mbovu za vizazi na vifo, au zenye watu wanaoendelea kupokea pensheni ya marehemu. Japani kwenyewe, ukaguzi wa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya watu 230,000 ambao kwenye daftari wamevuka miaka mia, lakini hawaonekani walipo. Mtaalamu hauoni utafiti huu kuwa na adabu. Umri wake yeye ni miaka 49 kwenye fomu za mikopo na 63 mbele ya hadhira, anapotaka watu washangae ngozi yake ilivyo laini.

Hapa panalazimu kueleza sifa za Mtaalamu, kwa kuwa klabu bila yeye ingekuwa watu wanaotembea tu. Elimu yake inathibitishwa na cheti kilichovishwa plastiki ngumu na kutundikwa kwenye shina la mwembe kila Jumamosi. Ni cheti cha kuhudhuria. Semina yenyewe ilihusu lishe na ilikuwa ya siku mbili, ya pili ikiwa ya kusaini posho. Sare yake ni traksuti nyeupe yenye mistari ya dhahabu, ambayo haijawahi kuloa jasho. Filimbi huivaa shingoni hata msibani. Sauti yake ni nzito, na ameifundisha kutulia kidogo kabla ya neno “seli”, neno analolipenda kuliko yote, ingawa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyemwomba alieleze alijibiwa kwamba hilo ni somo la wiki ijayo. Mwanafunzi huyo sasa yuko chuo.

Mtaalamu hujihesabu katika ukoo wa wanazuoni wakubwa wa maisha marefu, na huwataja kwa heshima. Wa kwanza ni Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mshindi wa Nobel wa mwaka 1908, aliyeamini kwamba maziwa ya mgando huchelewesha uzee. Aliyanywa kwa bidii na akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Anafuatwa na Horace Fletcher wa Marekani, aliyefundisha kutafuna kila tonge mpaka liyeyuke lenyewe, miaka 69. Jim Fixx, aliyewaingiza mamilioni kwenye mbio kwa kitabu chake cha mwaka 1977, alianguka kwa moyo akiwa mbioni mwaka 1984, miaka 52, ingawa haki yake isemwe: baba yake aliugua moyo katika miaka ya thelathini na kitu na kufa kwa moyo huohuo akiwa na 43. Halafu yuko J. I. Rodale, mchapishaji wa majarida ya afya, ambaye mwaka 1971, akiwa na miaka 72, alikaa kwenye kipindi cha televisheni cha Dick Cavett akajigamba kwamba angeishi hadi mia. Alifia palepale kwenye kiti, kipindi kikiwa bado kinarekodiwa. Kwa sababu isiyoeleweka, wanachama hucheka kila wasifu huu unaposomwa, na kina mama wa nyuma hukitazama kiti chenye mto.

Upande wa pili yuko Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa nyaraka. Alivuta sigara hadi alipovuka mia na alipenda sana chokoleti. Hotuba humpita haraka.

Kanuni ya kwanza ya klabu ni kutembea. Msingi wake wa kisayansi uliwekwa London na daktari Jerry Morris, aliyechapisha mwaka 1953 ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva waliokaa kutwa nzima walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makonda waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Watu walewale, basi lilelile, tofauti ni kiti. Konda wa daladala anayening'inia mlangoni tangu Gongo la Mboto hadi Posta amepata hapa faraja ambayo abiria wake hawampi. Mtaalamu huufafanua utafiti huu kwa muda unaokaribia saa nzima, akiwa amekaa.

Idadi ya hatua 10,000 kwa siku, inayorudiwa kila mahali kama amri, ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Hakukuwa na maabara nyuma yake. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa hatua 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Kwa bibi anayekwenda sokoni kwa miguu na kurudi, hizi ni habari njema zisizohitaji kifaa. Mtaalamu anacho kifaa. Ni saa ya mkononi, na kwa kuwa mkono huo ndio anaoupunga akihutubia, humwandikia maelfu ya hatua kabla hajainuka. Nyumbani kwake ni nyuma ya uwanja. Huja kwa bajaji.

Kanuni ya pili ni chakula. Ugali wa dona, maharage, mchicha, mlenda, dagaa, matunda ya msimu: hakuna la kuongeza, na wanachama walikuwa wakivijua kabla klabu haijazaliwa, isipokuwa mji uliwafundisha chipsi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vitafunwa. Okinawa wana desturi ya kuacha kula tumbo likiwa limejaa sehemu nane kati ya kumi. Mtaalamu huizingatia desturi hiyo kikamilifu. Sehemu mbili zinazobaki hufungiwa kwenye mfuko akaenda nazo.

Sehemu hii hukamilishwa na unga wa mlonge, unaopatikana kwa Mtaalamu peke yake katika vichupa vilivyobandikwa picha yake. Majani ya mlonge ni mboga yenye lishe. Hilo ni kweli na linajulikana. Mti wenyewe umesimama kwenye uzio wa shule, hatua chache kutoka mahali vichupa vinapopangwa, na watoto huchuma bure.

Usingizi: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wanachama kadhaa huanza kuzitimiza wakati wa hotuba.

Maji ni muhimu.

Kanuni ya tatu haikuwemo katika mpango wa awali na imeingizwa hapa kwa ajili ya ukamilifu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai katika kipindi cha uchunguzi, kwa kiasi cha asilimia 50, tofauti inayolingana na ile ya kuacha sigara. Katika klabu jambo hili hujitokeza kama fujo za safu ya nyuma. Kina mama wa safu hiyo hufika mapema, hawana haja na spika, na huongea juu ya ada za shule, magoti na mkwe wa fulani. Jumamosi moja mwenzao hakutokea. Kabla Mtaalamu hajafika kwenye seli, wawili wao walikuwa wameshavuka barabara kwenda kumgongea mlango, wakamkuta na homa, wakampikia uji, mmoja akabaki naye. Mtaalamu aliandika utoro wa watu watatu. Amewahi pia kupendekeza safu ya nyuma iondolewe, viti vipangwe kwa duara akiwa katikati. Viti vilipangwa hivyo, na safu ya nyuma ikahamia kwenye ngazi za darasa.

Upimaji wa presha hufanywa na muuguzi mstaafu, bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye jina lake halimo katika orodha ya viongozi. Mpimwaji hukaa ameegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Hutulia dakika tano, na haongei. Kipimo cha 140 kwa 90 na zaidi, kikijirudia siku tofauti, huitwa presha ya kupanda. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi popote; kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, karibu nusu ya watu wazima walio nao hawajui.

Kwa miaka mingi Mtaalamu hakupimwa, kwa hoja kwamba yeye ndiye kipimo. Siku bibi alipomwambia, “Mwanangu, hebu lete huo mkono,” hakukuwa na njia ya heshima ya kukataa. Mkanda ulifungwa juu ya mkono wa traksuti, ukafunguliwa, mkono wa traksuti ukakunjwa, mkanda ukafungwa tena. Zoezi lilirudiwa mara tatu kwa sababu Mtaalamu alikuwa akiwaeleza wanachama jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Mara ya nne bibi alimwekea kidole mdomoni. Kifaa kilisoma 168 kwa 104. Mtaalamu alilaumu betri. Bibi akampima kijana wa spika kwa kifaa kilekile, 118 kwa 76, kisha akamwandikia Mtaalamu karatasi ya kwenda nayo kituo cha afya Jumatatu. Alikwenda. Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na kwenye hotuba nafuu yake huhesabiwa kama matokeo ya mlonge.

Ada ya klabu ni shilingi 1,000 kwa wiki, chai ikiwemo. Hukusanywa kabla ya hotuba, kwa kuwa imeonekana kwamba ikikusanywa baadaye wanachama huwa wameshakwenda kutembea.