Tarumbeta na Bango

Miaka ya 1950, baadhi ya walokole wa Arua, Uganda, walihubiri masokoni kwa vipaza sauti vya mkononi, wakabandikwa jina la Wapiga Tarumbeta. Walivuna nini? Kuzomewa, na wengine kutiwa ndani. Eti wakaiita baraka! Watu wa ajabu.

Siku hizi neema imezidi. Kutoka Arua hadi Koboko, bango la mkutano wa injili limejaa mtume na suti yake. Yesu kabanwa kona ya chini, jirani na namba ya kutumia sadaka. Mpiga picha huwahi kuliko wagonjwa.

Mtume akifunga, tunajua kabla ya saa nne asubuhi: kaposti. Mathayo 6 inamtaka anayefunga ajipake mafuta kichwani. Hapo katii kabisa, nywele zinang'aa.