Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa wa Jumba la Ruti

Kwako Mheshimiwa,
Mwenye jumba la ghorofa, Ruti, Mbarara.

YAH: OMBI LA KIRAKA KIMOJA CHEUSI

Mheshimiwa,

Sisi ni wapangaji wa vyumba vya mstari mmoja vilivyo nyuma ya ukuta wako, vile ambavyo watu wa hapa huviita mizigo. Wenzangu wamenituma niandike kwa kuwa mimi ndiye fundi wa simu na kamera kati yao. Kazi nilijifunzia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp, nikahamia nayo hapa Ruti, ambako malori ya Rwanda na Kongo hulala na simu za madereva hazikosi kuharibika. Tulibisha hodi kwenye geti lako, askari akasema uko Kampala. Tukabisha tena, akasema bado. Kwa hiyo tafadhali usiuone uwazi wa barua hii kuwa utovu wa adabu.

Kwanza tunakupongeza kwa kamera nane. Mpita njia akiinua macho anaziona zote, na usiku vile vinukta vyekundu vinapowaka, watoto wetu huvihesabu kabla ya kulala. Heshima ya nyumba imepanda, nasi majirani tumepanda nayo kidogo.

Tatizo, kama neno hilo si zito mno, ni kamera ya nne, ile ya kona ya nyuma. Bafu letu, Mheshimiwa, ni mabati yaliyosimamishwa kuzunguka sakafu ya saruji. Halina paa. Aliyelijenga hakuwaza kwamba siku moja atakuja jirani mwenye uwezo wa kutazama kutoka juu. Dada zetu walianza kuoga usiku, ikabidi niwaambie kwamba giza haliwasaidii: vinukta vile ni taa za infraredi, mwanga ambao jicho la mtu haliupati ila wekundu wake kidogo, lakini kamera huupata wote, na uani kwetu huonekana kama mchana usio na rangi. Sasa wanaoga wamejifunga vitenge. Mama mmoja mzee aliyetoka Kivu ameacha kabisa kuoga hapa. Hubeba taulo lake hadi kwa binti yake ng'ambo ya barabara.

Tusingethubutu kukusumbua kwa ajili ya bafu peke yake. Lakini jenereta lako lilipoibwa Alhamisi ile, nawe ukarudi Jumapili, polisi waliingia kwetu, hawakuingia kwingine. Magodoro yalipinduliwa, masufuria yakatolewa nje. Ni sisi tuliokuwa tukipiga kelele tukitaka rekodi ifunguliwe, maana tulijua sura zetu hazimo. Ikafunguliwa. Picha ya zamani kuliko zote iliyokuwamo ilikuwa ya Jumamosi asubuhi.

Naomba ruhusa nieleze sababu, kwa kuwa aliyekuuzia huenda hakupata nafasi. Kila kamera yako ni ya megapikseli 8, na imeachwa itume megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo ni kama gigabaiti 86 kwa siku. Zidisha kwa nane, unapata karibu 690. Diski ya mashine yako ya kurekodia ni ya terabaiti moja tu, kwa hiyo inajaa kwa siku moja na nusu hivi, kisha inaanza kuandika juu ya yaliyotangulia bila kumwuliza mtu. Fedha zote zilikwenda kwenye macho, kumbukumbu ikanunuliwa kwa chenji. Kamera nne za megapikseli 4, zikibana picha kwa mtindo wa H.265 na kutuma megabiti 2 kila moja, zote pamoja hula gigabaiti hizo hizo 86 kwa siku. Ukiweka diski ya terabaiti 4, utarudi kutoka Kampala baada ya mwezi mzima na Alhamisi utaikuta.

Kuhusu geti, samahani, sura ya mtu haionekani. Kamera iko juu mno na lenzi yake ni ya milimita 2.8, ambayo huona upana wa karibu digrii 100. Mtu akiwa umbali wa mita 15, picha imekwishatanuka zaidi ya mita 30, na kila mita ya upana inabaki na pikseli zisizofika 130. Viwango vya Ulaya vya mwaka 2015 vilitaka 250 ili mtu usiyemjua aweze kutambuliwa kwa sura. Ulichonacho ni maktaba ya kofia na vipara. Kamera moja yenye lenzi ya milimita 6, iliyofungwa juu kidogo tu ya kichwa cha mtu pembeni ya geti, ingekufaa kuliko tatu za juu ya paa. Na umeme ukikatika, nao haukosi kukatika, zote nane ni mapambo mpaka upate betri ya akiba. Mwizi wa jenereta alijua anachukua nini.

Programu ya kurekodia nayo inaomba huruma yako. Hii uliyo nayo hukutumia taarifa kila buibui anapotandaza uzi mbele ya lenzi, hadi ukaizima sauti. Zipo za bure: ZoneMinder, na Frigate, ambayo hukaa kwenye kompyuta ya hapo hapo nyumbani, ikatambua mtu, gari, hata ng'ombe, na buibui ikamwacha na shughuli zake. Anayependa Windows na aliye tayari kulipa hutumia Blue Iris. Zote tatu huweka picha kwako, wala hazilazimiki kupita kwenye seva ya mtu mwingine. Jambo hilo si dogo. Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye kamera zipatazo 150,000 za kampuni ya Verkada ya Marekani, za hospitali na magereza zikiwemo. Na Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodia zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, zikatumika kuangusha huduma za kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Nataja haya kwa sababu neno lako la siri ni 12345. Askari hulitaja kwa sauti kila fundi akija.

Askari huyo tunampenda, ila video ya jirani yetu akiteleza na jerikani la maji, ikiwa na saa na tarehe kwenye kona, ilituzunguka kwenye WhatsApp kabla maji hayajakauka. Kama ile ilitoka, zile za bafuni ziko wapi? Swali hili si langu, ni la dada zetu. Nimelipunguza ukali.

Usidhani tunaogopa kamera, Mheshimiwa. Mwaka 2018, baada ya kashfa ya hesabu za wakimbizi kuongezwa, UNHCR na serikali walituhakiki nchi nzima: vidole vikachukuliwa, mboni za macho zikapigwa picha, na idadi ikashuka kutoka milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Tulipanga foleni juani, lakini tulijua anayepiga ni nani na anahesabu nini. Kamera za serikali pia tunazifahamu. Afande Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, alipouawa Machi 2017, Rais aliamuru miji iwekewe kamera. Polisi wakanunua za Huawei kwa dola milioni 126, na kituo cha kuzitazama kikafunguliwa Naguru mwaka 2019. Wapo wanaozilalamikia, nao wanajua jina la ofisi ya kuipelekea malalamiko. Sisi ofisi yetu ni geti lako.

Katiba ya Uganda, ibara ya 27, inalinda faragha ya makazi ya mtu, na tangu 2019 ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, pamoja na ofisi yake chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ibara ile haikuuliza kama anayeoga ana kitambulisho cha taifa au karatasi ya mkimbizi. Tunaitaja kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anavyomkumbusha mgeni wake kwamba chai inapoa.

Ombi letu sasa. Hatusemi kamera iondolewe, wala ukuta uongezwe. Ndani ya mipangilio ya kamera yako kuna sehemu ya kufunika eneo la picha kwa kiraka cheusi. Unachora mstatili juu ya bafu letu, unahifadhi, basi. Chini ya kiraka hakirekodiwi kitu, na ukuta wako wote unaendelea kuonekana. Haihitaji ngazi wala fedha. Nitakuja kuifanya bure siku yoyote utakayosema, na diski nitakuwekea kwa bei ya dukani, nikuonyeshe risiti. Neno jipya la siri utaliandika mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chumba cha tatu, kwa niaba ya wenzake.

Nakala:
Mwenyekiti wa serikali ya mtaa (LC1), Ruti (kwa mkono).
Askari wa getini (tafadhali asiisambaze).