Zimwi la Mfukoni

Wapenzi wa visu vya kukunja wana mwenendo ambao mhasibu yeyote angeukataa. Mtu hununua kisu cha bei ya chini, akakipenda, akakizoea, akakichoka. Hukitupia kwenye droo na kununua kingine cha bei mara kumi, chenye mpini wa titaniamu na jina la kutisha. Miaka ikipita utamkuta amerudi kwa kile cha kwanza, na ukimuuliza atakupa moja ya sababu mbili: ama kile cha zamani ni bora, ama kinamkumbusha ujana. Zote mbili ni sababu za adabu tu, za kumridhisha muulizaji. Nachukua mfano wa Opinel, kisu cha Wafaransa wa milima ya Savoie, kwa kuwa ni katika visu vinavyoachwa na kurudiwa bila aibu, na hoja yangu ni hii: mwenyewe hakirudii kwa sifa zake. Hukirudia kwa kasoro zake, maana anazijua zote, na wahenga walikwisha kusema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kasoro zenyewe zimo tangu siku ya kwanza. Joseph Opinel, kijana wa ukoo wa wahunzi karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, alikibuni kisu hiki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 18. Ni kipande cha mbao kilichochongwa kikae vizuri kiganjani, kikapasuliwa mfereji wa kulalia bapa, kikafungwa kwa msumari mmoja. Springi hakuna, skrubu hakuna. Kinachozuia bapa lisilegee ni mbao kulibana, na hapo ndipo mkasa ulipojificha, kwa sababu mbao hunywa maji. Kisu kikinyeshewa, au kikisahauliwa kwenye beseni la vyombo, au kikishinda mfukoni mwa mtu mwenye jasho jingi, mpini huvimba na bapa likagoma kutoka. Unapachika ukucha kwenye kile kifereji kidogo kilichochimbwa kwa ajili yake, unavuta, ukucha unapinda. Unabadilisha kidole. Unafikia hatua ya kutumia meno, baada ya kuangalia kushoto na kulia kama kuna anayekuona. Nyama iko mezani, wenzako wanasubiri, na wewe uliyejitapa kuwa una kisu ndiye unayeirarua kwa mikono. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakumfikiria mwenye kisu kilichovimba.

Watu wa Savoie wana dawa yake, na wameipa jina kabisa: pigo la Msavoya. Unahakikisha pete inayofungia bapa imeachia, unakishika kisu kikiwa kimefungwa, kisha unagonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza au jiwe. Ncha ya bapa inachomoza kidogo, inatosha kushikwa kwa vidole viwili, na chakula kinaendelea. Huo ndio ukarabati wote. Mgeni akikuona atadhani una hasira na meza, lakini hujamwita fundi wala hujaandika barua kiwandani. Kisu kikikauka, mpini unanywea wenyewe.

Kutu nayo ina hadithi ya kufanana na hiyo. Bapa la asili ni la chuma chenye kaboni nyingi, ambacho hunoleka upesi na kubadilika rangi upesi vilevile. Kata ndimu, kiache kidogo bila kukipangusa, na bapa lililokuwa linang'aa limepata madoa ya kijivu na samawati. Kata embe bichi, na kipande cha kwanza kina ladha ya msumari. Mnunuzi mpya hushtuka na kuamini ameuziwa bandia. Mzoefu hana wasiwasi: huyaacha madoa yaenee, na wapo wanaoyaharakisha kwa siki, au kwa kulichomeka bapa ndani ya kiazi na kuliacha humo, kwa kuwa utando ule wa kijivu hupunguza kasi ya kutu nyekundu, ile inayokula chuma. Yaani ugonjwa mdogo umekaribishwa ndani uwe mlinzi dhidi ya ule mkubwa. Na kwa miaka 65 ya mwanzo hapakuwa na chochote cha kulizuia bapa lisijikunje juu ya vidole. Pete ya kuzungusha, waliyoiita Virobloc, ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955, na mwaka 2000 ikaboreshwa iweze kulifunga bapa hata likiwa limelala ndani ya mpini. Pete hiyo imeleta mikasa yake. Mkono wenye mafuta ya kuku hauizungushi hata kwa dua. Halafu ni kazi ya kukumbuka, na mtu husahau, ila akisahau kidole humkumbusha papo hapo.

Sasa tumfuate mtoro wetu kwenye kile cha bei mara kumi, kwa maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Kisu cha kisasa hufunguka kwa kidole gumba kimoja, bapa linateleza juu ya gololi ndogo, linajifunga lenyewe kwa mlio mtamu, na ubavuni kuna kibanio cha kukining'iniza ukingoni mwa mfuko. Hakivimbi, na kutu kwake ni jambo la nadra. Kasoro kinazo, ila ni za aina isiyoonekana dukani. Vumbi laini likiingia kwenye gololi, bapa linaanza kukwaruza, na kulisafisha kunahitaji bisibisi ya ncha sita ambayo nyumbani haipo. Ikipatikana, skrubu moja yenye ukubwa wa punje ya mtama itarukia kwenye zulia, na kisu cha thamani kitamaliza mwaka kikiwa vipande vipande ndani ya bahasha. Kuna watengenezaji wanaokuonya mapema kwamba ukikifungua mwenyewe umeipoteza dhamana, ambayo ni namna ya kukwambia kwamba umenunua kisu lakini ndani yake hapakuhusu. Kile kibanio hukwaruza mlango wa gari, hunasa kwenye kiti cha basi, hufumua pindo la mfuko uzi mmoja baada ya mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hakikuambii siku kitakayoachia.

Wengine hutorokea upande wa wingi. Huko Ibach, Uswisi, Karl Elsener alianza kuwauzia wanajeshi visu mwaka 1891, akaongeza cha maofisa chenye kizibuo mwaka 1897, na kutoka hapo kampuni yake, inayojulikana leo kwa jina la Victorinox, haikurudi nyuma: SwissChamp ina kazi 33, zikiwemo za lenzi ya kukuzia na kiparuzio cha magamba ya samaki. Si kisu kibaya hata kidogo, na kwa fundi anayezunguka nyumba za watu ni msaada mkubwa. Shida ni kwamba ukitaka bapa utafungua msumeno, ukiurudisha utafungua mkasi, na ukilipata bapa chungwa limeshamenywa na mtoto kwa meno. Kampuni nyingine ya Uswisi, Wenger, iliipeleka hoja hiyo mpaka mwisho wake: ilitengeneza kisu chenye vifaa 87 na kazi 141, chenye uzito unaozidi kilo moja, kikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kwa ukoo ni kisu cha mfukoni. Mfuko wake bado haujashonwa.

Hapa msomaji makini atanibana: kama siri ni kujuana tu, kwa nini mtu asivumilie mpaka akajuana na kile cha titaniamu? Kwa sababu kasoro nyingine hazijuliki. Ili kasoro ikae ndani ya nyumba na watu kwa amani lazima ijitangaze mapema, na dawa yake iwe mikononi mwa mwenye kisu. Uvimbe unajitangaza kabla hujala. Doa linaonekana kwa macho. Pete iliyosahauliwa, tumekwisha kuiona. Gololi yenye mchanga haisemi kitu mpaka siku inapokwama, na ikikwama unajikuta mteja tena, umeshika simu. Kwa hiyo kinachopimwa si idadi ya kasoro. Opinel huenda inazo nyingi kuliko mpinzani wake. Kinachopimwa ni nani anayezitibu.

Wapo wanaosema haya yote ni mapenzi ya kale yanayovishwa nguo za hoja. Siwakubalii, kwa sababu kumbukumbu za ujana hufuta kasoro: kila mzee atakwambia maembe ya zamani hayakuwa na nyuzi. Aliyerudi kwa Opinel hufanya kinyume. Akikitoa kwenye droo baada ya miaka, jambo la kwanza ni kugonga kitako mezani, bila hata kujaribu ukucha. Mkono umehifadhi kasoro, haukuhifadhi utamu. Isitoshe, kisu anachokirudia si kile cha babu. Mwaka 1897 kilitolewa kwa ukubwa wa aina 12, namba 1 hadi 12. Katika miaka ya 1930 kampuni yenyewe ikaziondoa namba 1, iliyokuwa na bapa la sentimita 2 tu, na namba 11, ambayo haikutofautiana vya kutosha na jirani zake. Kama ni mapenzi ya kale, watu wangedai zirudishwe, na wangeikataa pete. Hoja ya uzuri naipita haraka. Ni kweli jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, mwaka 1985 lilikiweka miongoni mwa vitu 100 vilivyobuniwa vizuri kuliko vyote duniani, pamoja na gari la Porsche 911. Lakini hakuna aliyewahi kufungua kopo la dagaa kwa uzuri.

Na lile bapa lisiloshika kutu, ambalo kampuni hiyohiyo inaliuza? Kwa mvuvi, na kwa yeyote anayeishi ambako hewa ina chumvi, ndilo la kuchukua, na sibishani. Asidhani tu kwamba amepona. Mpini bado ni mbao, utavimba kama kawaida, na pigo la Msavoya atajifunza atake asitake.

Pingamizi lililonishinda ni la sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 kinaruhusiwa kubebwa hadharani bila kutoa sababu, lakini mahakama zilishaamua kwamba bapa likiwa na kifungio halihesabiki tena kuwa la kukunja. Maana yake ni kwamba ile pete iliyowekwa kunusuru vidole ndiyo inayokutia hatiani: kidole kimepona, mwenye kidole yuko kwa hakimu. Njia ya halali ni kushuka hadi namba 5 au chini yake, ambazo hazina pete, na kurudi kwenye hatari za kabla ya 1955. Kwenye ndege ni hivyohivyo. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitangaza kuwa itaviruhusu visu vidogo visivyo na kifungio ndani ya ndege. Wahudumu wa ndege wakaja juu, na baada ya miezi mitatu mpango ukafutwa. Mwaka 2024 Victorinox nao wakasema wanabuni kifaa cha mfukoni kisicho na bapa kabisa, kwa ajili ya nchi zenye masharti makali. Kisu kisicho na kisu hakina kasoro yoyote ninayoweza kuitaja, na hilo peke yake linanifanya nisikiamini.

Basi, kama chako kiko kwenye droo, kitoe ukipanguse. Kama ndiyo unaanza, chukua namba 8 ya chuma cha kaboni, bapa la sentimita 8.5. Ukipewa zawadi na Mfaransa, mrudishie sarafu, maana kwao kisu cha bure hukata urafiki. Kifute kabla hujakikunja, zungusha pete kabla hujakata, usikiloweke kwenye beseni. Na ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi linalokwenda chini, kwa sababu ofisa wa ukaguzi akikichukua hakurudishii.