Maarifa Yasipigwe Jua

Wanaolalamika kwamba tafiti za maendeleo hazirudi kwa wananchi hawajui thamani ya vitu. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa ngoro, vishimo vya kushika maji na udongo, kwa vizazi. Mvua inanyesha, udongo haushuki mlimani. Wataalamu wakaja, wakapima vishimo, wakaandika kwa Kiingereza safi, wakafungia kabatini. Ndivyo mali inavyotunzwa. Nani anaanika dhahabu uani?

Kule Litowa, Songea, wanakijiji walithubutu kufundishana wenyewe, bila semina wala posho. Posho! Bahati nzuri mwaka 1969 chama tawala, TANU, kikakivunja chama chao cha maendeleo, RDA, kabla ugonjwa haujaenea.

Leo tunajadili kwa utulivu, hotelini, namna ya kumshirikisha mkulima. Mwenyewe hakualikwa. Yuko shambani, anachimba ngoro.